Karatasi Iliyosema "Hana"

Alikuja na karatasi mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne, na kabla sijamkaribisha kiti alikuwa ameshaiweka mezani. "Sista, soma mwenyewe." Ilikuwa ya maabara ndogo ya mtaani, huko Mbagala, ina mhuri wa duara uliokolea wino upande mmoja. Jina lake, umri wake, na mstari mmoja wa majibu ya kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huuita sikoseli: sikling, hasi. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu, ili mteja asipate taabu ya kuelewa: "Hana."

Neno hilo lilikuwa limeshafanya kazi yake kwa wiki tatu. Mkewe alikuwa kwao Kigogo na mtoto wao wa kwanza, na mimba ya miezi mitano.

Wenyewe wameniruhusu nikieleze kisa hiki. Mambo machache nimeyabadili ili wasijulikane. Mimi ni muuguzi, na siku tatu kwa wiki hukaa kliniki ya selimundu hapa Dar es Salaam kuzungumza na familia, kazi ambayo watu wengi hudhani ni kupoza wanaolia. Sehemu kubwa ni kusahihisha hesabu.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miezi kumi na minne. Alipofika miezi tisa, vidole vyake vya mikono vilivimba vyote kwa pamoja, na migongo ya miguu pia, akawa analia ukimgusa tu. Bibi yake akasema ni baridi, akakandwa na maji ya moto. Mara ya pili duka la dawa waliwauzia dawa ya kuua vijidudu. Mara ya tatu ilikuwa usiku, na daktari kijana aliyekuwa zamu alimvuta mtoto kope la chini akaona manjano, akapapasa tumbo chini ya mbavu za kushoto akalikuta bandama limeteremka, akaagiza kipimo kinachofaa. Kuvimba vidole namna ile, kwa mtoto wa umri ule, mara nyingi ndiyo hodi ya kwanza ya ugonjwa huu. Majibu ya elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, ile protini nyekundu ya damu, yakaja SS: jeni mbili za S, ya selimundu, bila A, ya kawaida. Mtoto hakuwa amewahi kuongezewa damu, kwa hiyo hapakuwa na damu ya mtu mwingine ndani yake ya kutuchanganya. Kwamba ana selimundu halikuwa na shaka.

Kosa la kwanza katika kisa hiki ni langu. Siku ya majibu walikuja wanne: mama, mtoto, bibi mzaa baba, na shangazi. Baba alikuwa kazini Kariakoo. Chumba kidogo, foleni ndefu nje, nami nikaeleza mbele ya wote kama ninavyoeleza siku zote: mtoto mwenye SS amechukua jeni moja kwa mama na moja kwa baba, kwa hiyo lazima wazazi wote wawili wawe nayo. Sentensi yenyewe haina kasoro. Ila niliitamka mahali pasipo pake, mbele ya watu ambao haikuwahusu kabla ya wenyewe kuielewa. Mama alipimwa siku hiyohiyo akaonekana AS, yaani mbebaji, mwenye A moja na S moja. Baba akaambiwa naye aje apimwe, lakini Mbagala na hospitali ni safari, na maabara ya mtaani iko hatua chache kutoka kituo cha daladala. Akapima huko.

Weka sasa kauli yangu pembeni ya karatasi ile. Lazima baba awe nayo. Baba hana. Shangazi hakuhitaji kusoma biolojia kulipata jibu, na alilipata kabla ya chai ya jioni: kaka yake amebambikiwa mtoto. Kisha akauliza swali la pili, lililomfanya mama afunge nguo zake. "Na hiyo ya tumboni?"

Niliposoma ile karatasi sikumwambia baba kwamba ni ya uongo. Sikujua. Nilimwambia kwamba mpaka hapo kuna maelezo manne, na wao wameanza na la mwisho.

La kwanza ni kipimo chenyewe. Sikling ni kipimo cha zamani na cha bei nafuu. Tone la damu huchanganywa na dawa iitwayo sodiamu metabaisalfaiti inayoziondolea seli oksijeni, hufunikwa kwa kipande cha kioo, kingo huzibwa hewa isipite, kisha mtu wa maabara hutazama kwa hadubini kama chembe nyekundu zimejikunja mfano wa mundu. Dawa ile inatakiwa ichanganywe siku hiyohiyo. Ikilala imekufa, na damu yenye S itaonekana safi kama ya mtu mwingine yeyote. Tena kipimo kinataka subira. Seli za mwenye SS hujikunja upesi. Za mbebaji huweza kuchelewa, na anayetazama baada ya dakika kumi kwa sababu watu wamejaa kwenye benchi hataona kitu. Kuna ubovu mwingine upande wa pili: kikisema ndiyo, hakikuambii kama ni AS au SS. Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi sita nacho hakiaminiki, maana bado ana himoglobini ya tumboni kwa mama, isiyojikunja. Sikilaumu kipimo, kina mahali pake, hasa pasipo na kingine. Tatizo ni kukiuliza swali kisichoweza kulijibu kisha kuandika "Hana" kwa wino.

La pili hunifanya niwe mpole hata na karatasi zinazoonekana za ovyo. Jeni ya S ni mabadiliko ya herufi moja katika jeni inayotengeneza beta-globini, sehemu ya himoglobini, kwenye kromosomu ya 11. Herufi hiyo moja inabadilisha tofali la sita la protini ile, valini inakaa mahali pa asidi glutamiki, jambo alilolionyesha mwanasayansi Vernon Ingram huko Cambridge miaka ya 1956 na 1957. Lakini jeni ileile inaweza kuharibika kwa njia nyingine. Kuna thalasemia ya beta, ambayo haizalishi mundu hata ukaisubiri mpaka kesho. Yenyewe inapunguza au kuzuia kabisa utengenezaji wa beta-globini. Mtoto akichukua S kwa mama na thalasemia ya namna kali kwa baba, majibu yake ya elektroforesisi hufanana mno na ya SS, na ataugua vilevile. Baba wa namna hiyo utampima sikling mara mia, na mara zote mia itasema hana, na itakuwa imesema kweli. Mwambao huu umepokea watu wa Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa karne nyingi. Si maelezo ya kuchekwa.

La tatu ni la kawaida tu: chupa mbili zimebadilishana majina. La nne ndilo walilokwisha kuliamua nyumbani.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema amesikia kwamba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali wanapima vinasaba, na yeye yuko tayari kulipa. Nikamwambia ni kweli wanapima, lakini Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 imeweka utaratibu. Huingii pale na nywele za mtoto kwenye bahasha ukaomba majibu, maombi hupitia ofisi zinazotambulika, kama mahakama au ustawi wa jamii. Na nikamuuliza kama anataka mwanawe aingie kwenye jalada la mahakama kwa sababu ya karatasi moja ambayo hajairudia. Akanyamaza. Kisha akanyoosha mkono. "Toa damu."

Siku ya kufuata majibu alikuja na mama yake. Sikumwita, lakini nilifurahi, kwa sababu nilitaka kuchora ukoo, na ukoo huchorwa na wazee. Miraba kwa wanaume, miduara kwa wanawake, msitari wa mlalo kwa ndoa. Baada ya shikamoo na habari za Ikwiriri alikotoka wiki ile, nikamuuliza ana watoto wangapi.

"Niliowazaa au nilio nao?"

Swali hilo siku hizi huwa naliuliza mwenyewe, kwa maneno yake. Aliowazaa ni saba. Alio nao ni wanne. Mmoja alifia kwenye uzazi, mmoja surua. Wa kwanza, msichana, alifariki akiwa na kama miaka sita. Nikamuuliza aliumwa nini. "Walisema kapandiwa. Akachanjwa chale huku na huku. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo kubwa upande huu," akaweka kiganja chini ya mbavu zake za kushoto, "na masika yakiingia tu, mikono inavimba." Alikuwa bado ameshikilia ubavu wake aliposikia alichokisema.

Mwanawe alikuwa hajui kama aliwahi kuwa na dada mkubwa.

Sikuwaambia kwamba yule msichana alikuwa na selimundu. Hakuna aliyempima, na mtoto wa bonde la Rufiji wa miaka ile angeweza kuvimba bandama kwa malaria tupu. Ndani ya duara lake niliandika alama ya kuuliza. Majibu ya mwanawe niliyatoa tukiwa tumebaki wawili, bibi akiwa nje kwenye benchi kwa hiari yake mwenyewe. Safari hii nilikuwa nimejifunza.

Mashine inayotenganisha aina za himoglobini ilisema A na S, S ikiwa asilimia 29. Ni mbebaji, kama mkewe. Karatasi ya Mbagala ilikosea. Asilimia hiyo nayo ina maneno yake. Wabebaji wengi huwa na S kati ya 35 na 40. Ikishuka chini ya 30 tunafikiria kwamba mtu huyo amerithi pia thalasemia ya alfa, kasoro ndogo ya jeni nyingine kabisa, ambayo katika mwambao wa Afrika Mashariki ni ya kawaida mno na yenyewe peke yake haimsumbui mtu. Mwenye S kidogo seli zake huwa nzito kujikunja. Changanya na dawa iliyolala na mtazamaji mwenye haraka, unapata "Hana".

Nilitegemea apumue. Badala yake alikunja uso. "Kwa hiyo mimi ndiye mgonjwa?"

Wiki tatu alikuwa mume aliyedanganywa, na ndani ya dakika moja amekuwa baba aliyemwambukiza mwanawe. Hili neno kuambukiza watu hulitumia sana, na huwa nalikatiza papo hapo. Mbebaji si mgonjwa. Anaishi umri wake, anafanya kazi zake, na mara chache sana ndipo hali hiyo humletea shida, kama damu kwenye mkojo au matatizo akijituma kupita kiasi bila maji. Zaidi ya hayo, ukimrudisha kwenye ramani, utakuta hiyo jeni inaweza kuwa ndiyo iliyomfanya awepo. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba watoto wa Afrika Mashariki wenye AS walikuwa na kinga dhidi ya malaria, na utafiti uliofuata umethibitisha kwamba inawakinga hasa na ile malaria kali inayoua. Katika bonde lenye mbu kama la Rufiji, vizazi kwa vizazi, aliyebeba S moja alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufikia umri wa kuoa. Ndiyo maana jeni hii imejaa mwambao na Kanda ya Ziwa, na ndiyo maana inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka nchini. Tunailipa leo kinga waliyoipata babu zetu.

Akaniuliza kuhusu mimba. Tumeshapata mmoja mgonjwa, akasema, si ina maana wanaofuata watatu ni wazima? Nasikia hesabu hii karibu kila wiki, kutoka kwa makondakta na kutoka kwa walimu wa sekondari. Kosa si la wao kutosoma. "Mmoja kati ya wanne" kwa masikio ya Kiswahili ni mgawo: kuna wanne, mmoja wao huyu hapa, wamebaki watatu. Maneno yenyewe yanakupeleka huko.

Nikatoa sarafu mbili za shilingi mia mbili. Upande mmoja Karume, upande wa pili simba. Moja yako, moja ya mkeo. Karume ni A, simba ni S. Kila mimba mnarusha upya, na sarafu haikumbuki ilivyoanguka mara ya kwanza. Akarusha, mimi nikarusha. Mara ya tatu zikaanguka simba mbili, na mara ya nne tena simba mbili. Baba mtoto, ambaye ni mtu wa Yanga, akasema siku zote alijua simba hana heri. Lakini alikuwa ameelewa, kwa sababu aliendelea kurusha kimya kimya, akihesabu, mpaka nikamwomba sarafu zangu.

Alipokuwa anasimama aliuliza la mwisho: baba yake alifariki kwa kisukari, je hicho nacho kinarushwa hivihivi? Hapana, na napenda watu wanapouliza, kwa sababu baada ya somo la sarafu wengi huondoka wakiamini kila kitu cha ukoo ni hukumu. Kisukari cha ukubwani kinahusisha mamia ya jeni, kila moja ikisukuma kidogo, na uzito, chakula, kutembea na umri vikisukuma pamoja nazo. Kuwa na baba mwenye kisukari kunapandisha uwezekano wako, hakukuandikii tarehe. Nikamshauri apime sukari na presha kila mwaka, na chapati tatu za asubuhi aziangalie. Hilo la chapati hakulipenda.

Hata selimundu yenyewe, ambayo jeni moja ndiyo inayoamua kama utaugua, haiamui utaugua vipi. Watoto wawili wa baba na mama mmoja, wote SS: mmoja analazwa kila mwezi, mwingine anacheza mpira. Sehemu ya tofauti iko kwenye jeni nyingine. Wanaoendelea kutengeneza himoglobini ya utotoni kwa wingi huumia kidogo. Na mwenye SS akirithi pia ile thalasemia ya alfa, chembe zake huvunjika kwa kasi ndogo na hatari ya kiharusi hupungua, ingawa maumivu si lazima yapungue. Inawezekana kwamba baba huyu amempa mwanawe vyote viwili, jeni inayomuumiza na nyingine inayompunguzia, na hilo tutalijua kwa kipimo kingine baadaye. Sehemu nyingine ya tofauti haimo kwenye jeni hata kidogo. Ni penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano, chanjo zote, foliki asidi, chandarua na dawa ya kukinga malaria, maji ya kutosha, sweta wakati wa upepo wa Julai, na mama aliyefundishwa kupapasa bandama la mwanawe kila asubuhi, ili likivimba ghafla akimbie. Halafu kuna dawa ya haidroksiurea, inayopandisha hiyo himoglobini ya utotoni. Mwaka 2019 matokeo ya utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda yalionyesha kwamba kwa watoto wetu ilipunguza maumivu, kuongezewa damu, vifo, na hata malaria, jambo ambalo watu wengi walikuwa wanaliogopa liwe kinyume.

Kumrudisha mke hakukuwa kazi yangu. Nilichoelezwa ni kwamba mume alikwenda Kigogo na mshenga, na baba mkwe wake, kabla ya kumkaribisha ndani, alitaka kwanza aione karatasi mpya. Akaisoma yote, akaipeleka dirishani akaisoma tena. Shangazi alikuja kliniki peke yake mwezi uliofuata, bila kumwambia mtu, kuuliza kama binti yake anayetaka kuolewa anaweza kupimwa na mchumba wake, na kipimo ni kipi hasa. Nilimjibu alichouliza. Mengine hatukuyagusa.

Mtoto wa pili alizaliwa masika, msichana. Alichomwa kisigino, tone likaenda maabara kubwa, majibu yakarudi AS. Nilipofungua kadi yake ya kliniki nikakuta mtu, kwa nia njema na kwa kufupisha, ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Sikling +". Zahanati yoyote itakayoipokea kadi ile ingemsoma kama mgonjwa, na kila homa yake ingekuwa sikoseli.

Nikakata mstari juu ya maneno yale, nikaandika: AS. Si mgonjwa. Baba AS, mama AS, kwa kipimo cha hospitali. Nikasaini. Mama yake akaichukua kadi, akaisoma polepole huku mtoto amelala begani, akanirudishia.

"Sista, weka na tarehe aliyopimwa baba yake."